Aliyeniweka Benchi

Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu Kipa,

Barua hii nimempa dereva wa lori la unga anayeshusha mizigo kwenye kiwanda chenu cha mikate. Ndiye aliyeniambia kwamba kuna dada mrefu mwenye kovu kidevuni anayefanya kazi kwenye matanuri, hacheki ovyo, na akirushiwa kitu anakidaka bila kugeuza shingo. Nikajua ni wewe. Namba yako ya zamani niliipiga, ikapokewa na mzee nisiyemjua, tukaishia kujuliana hali ya miguu.

Sina njia nzuri ya kuliandika hili. Kocha ametutoka.

Ilikuwa Jumanne jioni, uwanjani. Mvua ilikuwa imefuta mistari ya chokaa, basi akawa anahesabu hatua za eneo la penalti. Katikati ya hesabu alisimama, akamwambia kapteni wa sasa aendelee kuhesabu, kisha akaketi juu ya mfuko wa mipira. Wasichana walidhani anapumzika. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua. Asubuhi yake moyo ulisimama, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tulimzika Jumamosi tarehe mosi.

Najua mliachana vibaya, wewe na yeye. Miaka sita ni mingi. Lakini nisingependa uipate habari hii njiani, kwa mtu asiyejua alikuwa nani kwako.

Usihuzunike kupita kiasi, mwanangu. Mume wangu alimjua Bwana wake na amekwenda kwake. Kaburi si mwisho. Mimi ni mzima, nimerudi kazini zahanati, na Mungu ananitia nguvu kila siku.

Tarehe 29 Machi timu inacheza, na kesho yake kutakuwa na ibada ya kumbukumbu. Wasichana hawataki kocha mwingine hata wa kuazima. Wangefurahi kumwona kipa waliyesimuliwa. Njoo, hata kama ni kwa siku moja.

Nakuandikia badala ya kutafuta namba yako mpya kwa sababu kwenye simu sauti yangu inakatika.

Mama yako,
Mke wa Kocha

*

Kiwandani, 17 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua imefika, ina unga kila kona. Pole sana. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, ni dogo mno, lakini sina jingine.

Sitakuja. Afadhali nikwambie mapema usije ukanitengea kiti.

Wewe ulikuwepo siku ya fainali. Nilikuwa nimedaka mechi kumi na moja, nikafungwa mabao matatu tu. Wachaguzi wa timu ya taifa walikuwa wamekaa jukwaani na madaftari yao, na kila mtu alijua wamekuja kumwangalia nani. Tukiwa tunavaa viatu, Kocha akasoma majina na langu halikuwemo. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nimeamua hivyo." Basi. Mtu niliyemsikiliza tangu nina miaka kumi na mitatu, aliyekuwa akinieleza hata kwa nini tunakunywa maji kabla ya kiu, siku hiyo hakuwa na sababu ya kunipa.

Nilikaa benchi dakika tisini. Tukafungwa mbili bila. Halafu nikamwambia mbele ya timu nzima kwamba hakuwa baba yangu na hakuwahi kuwa, na kwamba sitaki tena kuliona sura lake. Ndiyo, nilisema hivyo hivyo. Hakunijibu. Jumatatu nikapanda basi.

Wachaguzi hawakurudi kunitafuta. Sasa nachomeka mikate tanurini na kuitoa. Si kazi mbaya, wala simlilii mtu. Lakini usiniambie nisihuzunike kupita kiasi. Sijui kama ninachohisi ni huzuni. Na maneno ya Mungu siku hizi yananipita juu ya kichwa kama krosi mbaya. Nilikuwa nikisali kwa sababu Kocha alisali. Nilipomwacha yeye nikaacha na hilo.

Nakuombea afya, kama bado najua kuomba.

Kipa

*

Nyumbani, 26 Februari

Mwanangu,

Asante kwa kunijibu kwa ukweli. Ulikuwa hivyo tangu utotoni, mtu akikuuliza chakula kikoje, unamwambia.

Sina haki ya kukubembeleza. Acha nikwambie kitu kimoja tu. Kila asubuhi kabla ya chai mume wangu alikuwa akiwaombea wachezaji wake kwa kufuata namba za jezi, wa sasa na wa zamani. Moja ni ya kipa. Miaka sita yote alianza na wewe. Nyingine alipozeeka alikuwa akizichanganya, anampa beki maombi ya winga, tunacheka wote wawili. Yako hakuikosea.

Kanisa lilijaa siku ya maziko mpaka watu wakasimama nje kwenye ngazi. Mchungaji alihubiri vizuri. Watu wananisifu kwamba nina imani kubwa, maana silii mbele za watu. Nashukuru.

Kuna jambo moja ambalo ningepaswa

Nimefuta mistari mitatu hapo, usijisumbue nayo. Kalamu ilikwenda isikotakiwa. Kula vizuri, na ujifunike kifua ukitoka kwenye joto la matanuri.

Mama yako

*

Uwanjani, 3 Machi

Dada Kipa, salamu.

Hunijui. Mimi ndiye kapteni wa sasa, nacheza kiungo, na ndiye niliyeachiwa kuhesabu hatua siku ile. Nilifika kumi na sita nikageuka kumwambia, akawa hanisikii. Samahani, sikutaka kuanza na hilo.

Anwani nimeichukua mezani kwa Mama bila ruhusa. Ukimwambia, nitakana.

Dada, Mama hayuko sawa. Kwa watu anasema ni mzima, na kazini anafanya kazi ya watu wawili. Lakini tangu maziko hajakanyaga kanisani. Jumapili tano. Mchungaji akiuliza, anasema yuko zamu. Dada yangu anafanya kazi kwenye chumba cha kadi pale zahanati, na anasema Mama hana zamu hata moja ya Jumapili.

Jana nilikwenda kumpelekea kuni. Nikamkuta amekaa jikoni na nguo za kanisani, begi mkononi, saa nne na nusu, ibada imeshafika nusu. Nikamuuliza, Mama, twende? Akasema, "Siwezi kusimama kuimba mbele za Mungu wakati kuna mtu nimemficha ukweli." Nikamuuliza ni mtu gani. Akaniambia nikawaangalie kuku. Hana kuku.

Mimi nadhani mtu huyo ni wewe. Kama nimekosea nisamehe, mimi ni kiungo, kazi yangu ni kupeleka mpira mbele.

Mazoezi tunaendelea wenyewe. Tunagombana sana.

Kapteni

*

Kiwandani, 10 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi. Kabla sijakuuliza swali langu, nikwambie uongo wangu kwanza.

Nilijua. Ijumaa ile, kabla ya maziko, tulikuwa tunakanda na redio ikasoma matangazo ya vifo. Nilisikia jina lake na la mtaa. Nikavua aproni nikaenda stendi. Jumamosi nilikuwepo, Mama. Nilisimama ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha fundi cherehani, nikajifanya nangoja nguo. Niliona wasichana sita wamevaa jezi wakimtoa kanisani mabegani. Wa mbele kushoto alikuwa mfupi kuliko wenzake, akawa anatembea kwa ncha za vidole ili jeneza lisilale upande. Nikataka kuvuka nikashike pale. Sikuvuka. Nilikuwa nimesema sitaki kumwona tena, na nikaona aibu kumfuata sasa ambapo hawezi kunifukuza. Nikarudi na basi la mchana.

Kwa hiyo usidhani niko mbali kama nilivyoandika.

Sasa swali. Ile mistari mitatu niliielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Uliifuta vizuri, lakini neno moja lilibaki, nalo ni "kichwa". Na barua yako ya kwanza uliiandika Jumapili, nimehesabu kwenye kalenda. Mke wa Kocha niliyemjua hakuwa na nafasi ya kuandika barua Jumapili, alikuwa kwenye kwaya mpaka saa nane.

Mama, umenificha nini?

Kipa

*

Nyumbani, 16 Machi

Mwanangu,

Nitaandika bila kusimama, na sitafuta.

Unakumbuka nusu fainali uligongana na mshambuliaji wao, goti lake likakupata juu ya sikio. Uliamka ukacheza mpaka mwisho. Alhamisi ukaja zahanati mwenyewe, ukafunga mlango. Ukaniambia taa unaziona mbili na umetapika mara mbili tangu asubuhi. Nilipokumulika macho, mboni moja ilichelewa kusinyaa. Nikakwambia usicheze. Ukanishika mkono ukasema wachaguzi wanakuja, ukaniapisha nisimwambie Kocha. Nikaapa. Nilidhani ukilala siku mbili utapoa.

Ijumaa nilishindwa kuvumilia. Yeye alikuwa anaanika jezi uani. Nikamwambia yote. Aliendelea kuanika mpaka akamaliza kamba nzima. Ndipo akasema, "Nitamweka benchi, na sababu sitaitaja. Akijua umemsema, hatakuja tena kwako, na kichwa chake kinahitaji wa kukiangalia. Mimi anaweza kunikasirikia. Atarudi tu."

Hukurudi. Nilikutafuta Jumatatu kwenu, wakaniambia umeshapanda basi.

Alitaka kukuandikia wiki ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilikuwa nimetoa siri ya mgonjwa, na muuguzi akitoa siri ya mgonjwa anaweza kuvuliwa sare. Nikamwambia tusubiri hasira zipoe. Mwaka ukaenda. Halafu ikawa vigumu zaidi, kwa sababu ningepaswa kueleza na ule mwaka. Kila mara akiulizia, nilikuwa na neno la kuahirisha. Desemba aliniambia, "Mwaka ukianza tumwandikie, hata akinichania karatasi." Nikasema sawa, baada ya likizo. Likizo ikaisha. Januari ikaisha naye.

Yale uliyomwambia siku ya fainali aliyabeba kwa niaba yangu. Nilisimama pale pale, mita tatu, nikayasikia, nikanyamaza. Usiku wa siku ile hakunilaumu, na miaka sita hakunilaumu, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nilikuwa nakuandikia maneno ya faraja huku mwenyewe siwezi kusali hata kwa chakula. Nikifumba macho namwona anaanika jezi. Wafiwa nimewaambia miaka thelathini kwamba tutaonana tena. Sasa naogopa. Tukionana, nitamwambia nini?

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimekwambia tu.

Mke wa Kocha

*

Kiwandani, 24 Machi

Mama,

Nilikukasirikia siku nne. Niliandika barua mbili nikazitia tanurini, na mikate ya siku hiyo sijui ililiwa na nani. Siku ya tano nikaenda kwa daktari, nikamweleza ile ajali kama vile ilimpata mtu mwingine. Akaniuliza, "Na huyo mtu alicheza tena wiki ile?" Nikasema hapana, kocha alimkataza. Akaweka kalamu chini, akasema kichwa kilichoumia hivyo kikigongwa mara ya pili kabla hakijapona, mara nyingi mtu haamki. Akasema, "Mwambie ampe huyo kocha asante."

Nikakaa nje kwenye benchi ya zahanati ya huku nikalia kama mtoto. Mwanamke aliyekuwa kwenye foleni akanipa zamu yake, akidhani nimepewa majibu mabaya.

Kuna jambo nami sijakwambia. Nina binti. Ana miaka minne, anaongea bila nukta, na anapiga mpira kwa mguu wa kushoto. Baba yake ni fundi wa matanuri hapa, mtu mpole, utampenda. Nilimtazama binti yangu jioni ile akila, kijiko kinaingia na maneno yanatoka, nikahesabu. Ningedaka ile fainali, labda asingekuwepo wa kunimwagia uji mapajani.

Sasa sikiliza, maana mimi si mhubiri. Tangu utotoni nimesikia kanisani habari za Yesu kubeba lawama isiyokuwa yake na kunyamaza. Nilikuwa naitikia amina huku nawaza chakula. Sikuwahi kujua inafananaje. Kumbe niliiona kwa macho yangu, kwenye chumba cha kuvalia viatu, mtu amesimama, mimi namtukana usoni, na yeye ananyamaza ili mimi niishi. Kocha aliipata wapi roho hiyo kama si kwa huyo Bwana wake? Basi nimerudi kwa mlango huo. Nasali vibaya, nasahau nilipofika, lakini nasali.

Wewe unaogopa utamwambia nini mkionana. Mama, ulikaa naye miaka sita baada ya fainali, anakula chakula chako, anacheka nawe juu ya maombi ya mabeki. Mtu ambaye hajasamehe hacheki hivyo. Alikuwa ameshamaliza. Ni wewe uliyebaki uwanjani baada ya filimbi.

Nami nimekusamehe. Nilitaka kuliandika mapema ila nilitaka kwanza liwe kweli. Na lile neno nililolitupa kwake, kwamba si baba yangu, nimelitubu kwa Mungu, na naamini limemfika.

Lia, Mama. Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake, na alikuwa akijua vizuri kwamba dakika chache baadaye atamwita atoke. Kama yeye alilia, wewe unamfichia nani?

Tunakuja wote watatu, basi la Ijumaa.

Kipa wako

*

Nyumbani, 6 Aprili

Mwanangu,

Nimetoka kanisani sasa hivi, sijabadili hata nguo. Nimekaa ile safu ya tatu upande wa dirisha, pale pale alipokuwa akikaa mume wangu. Wimbo wa kwanza ulinishinda. Wa pili niliuimba mpaka mwisho, sauti ikipasuka, na mzee wa mbele yangu akageuka mara mbili. Wiki iliyopita nilikuwa nimekushikilia wewe, nilitaka kujua kama nitaweza peke yangu. Nimeweza.

Nimemweleza mganga mkuu wa zahanati kuhusu siri niliyoitoa. Alisikiliza, akaiandika, akaniambia atanijibu. Lolote atakaloamua nitalipokea. Nalala.

Wasichana bado wanaijadili mechi kana kwamba hatukufungwa. Kapteni anasema refa alikuwa na haraka ya kwenda kwenye harusi. Lakini kila mmoja anakumbuka ulivyowakusanya mwishoni, ukawaambia tu uliyomwambia Kocha siku ya fainali na kile alichokuwa amekufanyia. Kipa wetu mdogo, aliyekuwa amefungwa bao la kizembe na amejifungia chooni, alitoka kwa ajili ya kukusikiliza. Wamekubaliana kwamba wewe ndiye watakayemsikiliza, Jumamosi mbili kwa mwezi, na kwamba mumeo aje na mikate. Hilo la mikate limepitishwa kwa kura.

Sasa nikwambie kilichotokea makaburini, maana wewe hukukisikia. Ulikuwa umebaki getini na Kapteni, mnafungua ule mfuko wa maua. Nikatangulia na mjukuu wangu. Nilikuwa sijafika pale tangu siku ya maziko. Tukasimama. Udongo ulikuwa umeshaanza kukaa, na majani madogo yameota upande wa miguuni.

Akaniuliza ni nani yuko humu. Nikamwambia ni Babu, amelala. Akauliza, "Anaamka lini?"

Nilitaka kumjibu juu juu, kama watoto wanavyojibiwa. Lakini mdomo wangu ukasema, "Siku Yesu atakapomwita kwa jina."

Akauliza, "Atasikia?"

Nikamwambia, "Atasikia."

Mwanangu, maneno hayo nimewaambia wafiwa wodini mara nisizoweza kuhesabu, nimeshika mikono yao, nimewapa vitambaa. Siku hiyo niliyasikia kama mimi ndiye niliyekuwa naambiwa. Nikajikuta naamini. Atasikia, atainuka, na nikionana naye sitakuwa na la kumficha.

Nikaanza kulia, na sikujizuia, wala sikuangalia nani ananiona. Nililia kwa sauti. Nyinyi huko getini mlidhani nimeanguka, mkaja mbio mkiangusha maua njiani. Lakini kabla hamjafika, mjukuu wangu alinivuta kanga, akaweka kidole mdomoni, akaniambia twende, kwa sababu Babu amelala na mimi nampigia kelele.

Mama yako